Aliyeshika Kufuli Yu Hai?

Shelui iko chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, na biashara zake nyingi zinaishi kwa magari yanayopita na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Chukua ofisi yoyote ya pale yenye kompyuta mbili zinazotumia folda moja: duka la vipuri, wakala wa fedha, mnunuzi wa dhahabu. Hesabu zinaandikwa kwenye LibreOffice, katika faili liitwalo mauzo.ods. Karani wa kwanza akilifungua, ndani ya folda hiyo huzaliwa faili jingine, dogo na lililofichwa: .~lock.mauzo.ods#. Ndani yake mna mstari mmoja tu, wenye jina la karani, jina la kompyuta yake, tarehe na saa. Karani wa pili akibofya mauzo.ods anaambiwa limeshikwa na fulani, achague kulisoma tu, kufungua nakala au kusubiri.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta huzimika bila kuaga. Ukirudi, kile kifaili bado kipo, na karani wa pili akiwahi kufika anaambiwa tena kwamba mauzo.ods limeshikwa, ingawa hakuna aliyelishika. Hapo ndipo wengi huanza kufuta mafaili ya kufuli ovyo, na ndipo matatizo makubwa zaidi huanzia.

Kwanza, kufuli lipo kwa sababu gani? Tuseme salio ni shilingi 400,000. Programu ya kwanza inalisoma ili iongeze 50,000. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 400,000 ili itoe 30,000. Ya kwanza inaandika 450,000. Ya pili inaandika 370,000 juu yake. Salio sahihi ni 420,000. Elfu hamsini imepotea bila mwizi, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika kuhusu tatizo la namna hii mwaka 1965, watu wengi walipokuwa hawajawahi hata kuiona kompyuta.

Faili la kufuli ni jibu la zamani na rahisi: anayetaka kugusa hesabu aunde kwanza faili lenye jina linalojulikana, na akilikuta tayari lipo, angoje. Ni kama kanga inayotundikwa ukutani mwa bafu la uani. Kanga haizuii mtu kuingia. Inazuia wale tu wanaojua maana yake na kuiheshimu. Programu isiyolitazama faili la kufuli itaandika juu ya hesabu zako vilevile.

Basi mapatano haya huvunjikaje hata kati ya programu zenye adabu? Skripti nyingi zinazoandikwa harakaharaka husema hivi: tazama kama kufuli lipo, kama halipo, liunde. Hizo ni hatua mbili, na kati yake kuna upenyo. Skripti mbili zilizopangiwa dakika ileile zinaweza zote kutazama, zote zisione kitu, kisha zote ziunde na kuendelea. Upenyo huo ni mdogo mno, kwa hiyo majaribio hupita vizuri, na kosa hujitokeza siku mashine imezidiwa na kazi. Dawa ni kutazama na kuunda kwa tendo moja lisilogawanyika. Amri ya mkdir inafaa kwa hilo: folda ikiwa tayari ipo, amri inashindwa, na kati ya wawili wanaoiunda kwa pamoja ni mmoja tu anayefanikiwa. Kwa wanaoandika programu kwa lugha ya C, kuna bendera mbili zinazotumika pamoja wakati wa kufungua faili, O_CREAT na O_EXCL, zenye kazi hiyohiyo.

Ugumu zaidi uko kwa anayekufa akiwa na kufuli mkononi. Programu za UUCP, zilizokuwa zikigombea modemu ili kupelekeana mafaili kati ya mashine za Unix, ziliandika ndani ya faili la kufuli namba ya mchakato (yaani programu inayoendeshwa) ulioshika. Anayekuja nyuma anaisoma namba na kuiuliza mashine kama mchakato huo bado upo. Ni wazo zuri, ila namba hizo hutumika tena. Mashine ikiwashwa upya huduma zake huanza karibu kwa mpangilio uleule, kwa hiyo namba 812 ya jana inaweza leo kuwa ya programu nyingine kabisa, iliyo hai na isiyojua lolote kuhusu hesabu zako. Ndiyo maana Linux ya siku hizi huweka mafaili ya namna hii ndani ya /run, ambayo iko kwenye kumbukumbu ya muda na hufutika mashine ikizimika. Hata kulifuta kufuli la marehemu kuna hatari yake. Wawili wanagundua kwa pamoja kwamba mwenyewe amekufa. Wa kwanza analifuta na kuunda lake, wa pili kwa kuchelewa kidogo anafuta lile jipya. Sasa wote wawili wako ndani.

Kwa maoni yangu, kwa kazi za ndani ya mashine moja, mzigo huu iachiwe kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Amri ya flock inaomba faili lishikwe, na anayeweka kumbukumbu ya ushikaji ni kerneli yenyewe. Mchakato ukifa, kwa amani au kwa kuuawa, kerneli inaachilia. Amri moja katika ratiba ya kazi za kila siku inatosha:

flock -n /run/lock/nakala.lock /usr/local/bin/nakala.sh

Kazi ya jana ya kunakili hesabu ikiwa haijaisha, ya leo inajiondoa kimya. Jihadhari tu na skripti inayoacha mtoto nyuma: mtoto hurithi faili lililofunguliwa, na kufuli hubaki naye hata mzazi akishaondoka. Chaguo -o hukata urithi huo.

Katika mtindo huu faili lenyewe linabaki daima kwenye diski, na kuwepo kwake hakumaanishi kitu. Hapa ndipo ushauri wa mitaani unapoua. Mtumiaji wa Ubuntu au Debian akiambiwa kwamba /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikwa, rafiki humwambia alifute. Akilifuta, kufuli haliachiliwi. Mchakato wa kwanza unaendelea kushika faili ambalo jina lake limeondolewa. Wa pili unaunda faili jipya kwa jina lilelile na kulishika bila pingamizi. Visakinishi viwili vya programu vinaweza kuandika kwenye orodha moja, na orodha ikaharibika. Ujumbe wa apt wa siku hizi hutaja hata namba ya mchakato ulioshika. Mara nyingi ni sasisho la kiotomatiki linaloisha lenyewe ukilisubiri.

Kwa zile kompyuta mbili za folda moja, kerneli ya mashine hii haijui yaliyoipata ile, na makufuli yanayopita kwenye mtandao hutegemea aina ya seva na jinsi ilivyopangwa. LibreOffice haiwezi kuyategemea makufuli hayo kila mahali, kwa hiyo huandika pia jina la mtu, mashine na saa, kisha humwachia karani wa pili aamue. Saa ikiwa ya kabla umeme haujakatika, na mwenye jina akikiri kwamba hajalifungua tena mauzo.ods, hapo kufuta faili la kufuli ni halali.