Chanjo ya Ng'ombe Haikukingi Wewe

Kila msimu wa kuchanja mitamba kuna mtu atakayejichoma, kisha ataniuliza swali lile lile: "Daktari, si ndiyo nimeshachanjwa na mimi?" Hapana. Hujachanjwa. Umejidunga dawa ya mnyama, na muda wa kujitibu unayoyoma.

Imani hii imejengwa juu ya neno "chanjo", kana kwamba chochote chenye jina hilo ni kinga kwa kila kiumbe. Chukua S19, chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba. Kichupani mna bakteria hai wa Brucella abortus, wa ukoo uliopatikana kwenye maziwa ya ng'ombe mwaka 1923. Makali yao yamepungua kwa ndama jike. Kwako wanaleta ugonjwa wenyewe: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma wiki nenda wiki rudi, huku ukitibiwa malaria ambayo huna. RB51, chanjo nyingine ya ugonjwa huo huo, nayo ni hai, tena ni sugu kwa rifampisini, dawa ambayo madaktari huitegemea dhidi ya brusela, na vipimo vya kawaida vya damu haviioni. Kinga gani hiyo?

Wengine hunijibu, "Lakini hii ya kuku imeuawa." Vijidudu vimeuawa, kweli. Mafuta ya madini yaliyochanganywa nayo je? Mwili hauyayeyushi kwa urahisi, na kidole hakina nafasi ya kuvimba. Uvimbe hubana mishipa, damu haifiki nchani, na kidole kinaweza kukatwa. Tundu la sindano lilikuwa dogo tu. Kulikamua, kulinyonya au kulimwagia mafuta ya taa hakuyatoi mafuta hayo. Anayeyatoa ni daktari wa upasuaji, siku hiyo hiyo.

Sasa fanya hivi. Mfunge mnyama barabara kwenye kibanio kabla hujavuta dawa. Anayeshika asikae upande sindano inakoelekea, na mtoto asishike kabisa. Sindano iliyopinda itupe, usiinyooshe. Usirudishe kifuniko, usiking'ate kwa meno, usitie bomba mfukoni. Weka karibu dumu gumu la kutupia sindano. Dawa zisizo chanjo nazo zina hatari: mjamzito asiguse oksitosini wala prostaglandini, maana zinaweza kuharibu mimba. Tilmikosini hushambulia moyo, imeshaua watu, na haina dawa ya kuipooza: usiichome ukiwa peke yako.

Ukichomwa, vua pete, osha kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali na kichupa mkononi. Ikiwa ni S19 au RB51, daktari atakuanzishia vidonge vya wiki kadhaa kabla homa haijaanza, na bila kichupa hawezi kujua akupe vipi. Kwa hiyo usikitupe kichupa hata kimoja mpaka mnyama wa mwisho ametoka kibanioni na kila mtu amekagua mikono yake.