Bendi Yenye Majina Manne: NUTA, Juwata, OTTU na Msondo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Bariadi na mkoa wa Simiyu

  Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio mahali ambapo hata wazee waliokaa nyuma watasikia. Nawe unayesoma karatasi hii baada ya kipindi, soma polepole. Maneno magumu tutayaeleza njiani.

Leo hatutasema habari za mbolea, wala za maji ya kuchemsha. Leo twasoma habari za bendi ya dansi ya Dar es Salaam. Labda mzee mmoja atanung'unika, "Hayo ni mambo ya vijana." La, mzee wangu, ngoja kidogo. Bendi hii ilianzishwa mwaka 1964, na waliocheza muziki wake siku hizo leo ni mababu. Tena ndani ya habari hii mna mambo ya kazi, mshahara, mali na sahihi, na hayo ndiyo yanayowaleta ninyi darasani.

Tuanze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Katika Usukuma kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako watu wawili mahodari wa ngoma na wa dawa, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijiona mkubwa kuliko mwenziwe, wakashindana, na wafuasi wao wakagawanyika. Mpaka leo, mavuno yakiisha, makundi hukutana uwanjani. Na mshindi hajulikani kwa maneno ya hakimu. Hujulikana kwa watu: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Shikeni hilo, kwa maana tutalikuta tena Dar es Salaam, watu wakiwa wamevaa suti na viatu vya kung'aa.

Sasa, dansi ni nini? Ni muziki wa magitaa, saksafoni, tarumbeta na ngoma, unaochezwa ukumbini usiku, na watu hulipa kiingilio mlangoni. Bendi nyingi zilijiita "Jazz". Neno hilo lilitoka Marekani, lakini muziki wenyewe haukuwa ule wa Marekani. Mizizi yake mingine ilikuwa beni, ngoma ya mashindano ya pwani iliyoiga matarumbeta ya askari. Mingine ilitoka mbali sana, katika kisiwa cha Kuba. Tangu miaka ya 1930 ziliuzwa katika Afrika santuri za nyimbo za Kuba, na alama zake zilikuwa herufi mbili, G na V. Watu walizisikiliza, wakazipenda, wakaanza kuziiga. Wala si ajabu. Nyimbo za Kuba zilikuwa na damu ya Waafrika waliochukuliwa utumwani, kwa hiyo mtoto alikuwa anarudi nyumbani. Huko Morogoro, Salum Abdullah aliita bendi yake Cuban Marimba, na jina hilo lilijulikana nchi nzima hata alipofariki mwaka 1965.

Mwanzoni magitaa yalikuwa ya mbao tupu, na sauti yao haikufika mbali. Ndipo likaja gitaa la umeme. Kazi yake ni rahisi kueleza. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana hupita katika waya. Umeme huo huenda katika chombo cha kukuza sauti, nacho huufanya mkubwa na kuutoa katika spika. Hivyo kidole kimoja huweza kusikika katika ukumbi wenye watu mia tano. Lakini angalieni upande wa pili: gitaa la mbao fundi aweza kulichonga, ila gitaa la umeme, spika na vyombo vyake hununuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Mwanamuziki maskini atavipata wapi? Swali hilo ndilo lililozaa bendi yetu.

Mwaka 1964 serikali iliviunganisha vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika kuwa chama kimoja. Kiliitwa NUTA, na kiongozi wake alikuwa Michael Kamaliza, aliyekuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka huo huo chama kikaanzisha bendi, NUTA Jazz. Chama kilinunua vyombo, na wanamuziki wakaajiriwa, wakapata mshahara kila mwezi kama karani au dereva.

Hili lilikuwa jambo jipya kabisa. Kabla ya hapo bendi ilikuwa klabu ya marafiki, au mali ya mtu mmoja. Mvua ikinyesha Jumamosi, watu hawaji, na mpiga gitaa hulala na njaa. Sasa mvua inyeshe, isinyeshe, mshahara upo. Mashirika mengine yaliona, yakafuata: jeshi, polisi, vijana wa chama, shirika la bima. Kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Ninyi wakulima wa pamba mwaweza kucheka kidogo hapo. Pamba huwa uzi, uzi huwa kitambaa, na kitambaa nacho kilifika kuwa gitaa!

Miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa NUTA Jazz alikuwako kijana wa miaka ishirini na minne hivi, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe. Jina lake Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa amekwisha kuimba katika bendi nyingine, Kilwa Jazz ikiwa mojawapo. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na maneno yake yalisikika moja moja. Maneno ndiyo yaliyokuwa nguvu ya bendi hizi. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa: mume mlevi, rafiki msaliti, yatima, deni. Watu husikiliza huku wakicheza pole pole. Kisha magitaa huchangamka, matarumbeta huingia, na wimbo hukimbia. Sehemu hiyo huitwa chemko, kama maji yanapochemka jikoni. Mwenye manju hodari kijijini kwake anaelewa: kwanza maneno yaingie, halafu miguu.

Nyimbo zilifika mbali kwa njia ya redio. Hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri katika Tanzania, na mara nyingi nyimbo zilipelekwa Nairobi kutiwa katika santuri. Lakini Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio yake. Bendi ziliingia, zikapiga, zikarekodiwa, na mtu wa Maswa au Meatu ambaye hakupata kuiona bahari alizijua sauti za waimbaji wa Dar es Salaam kama anavyozijua sauti za jirani zake.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwajiri alikuwa na vyombo. Mwajiri alikuwa na jina la bendi. Mwanamuziki alikuwa na nini? Alikuwa na koo lake na vidole vyake tu. Akitaka kuondoka, hutoka mikono mitupu, hata jina alilolifanya kuwa kubwa hulikuta limebaki nyuma.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka. Pamoja na wenzake, kama mpiga gitaa Abel Baltazar, akaanza bendi mpya, Mlimani Park. Je, walikuwa huru sasa? La. Vyombo vilikuwa vya kampuni ya teksi na usafiri. Kampuni hiyo ilipokwisha, mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, kama nyumba inavyobadili mwenyewe na wapangaji wamo ndani. Mwaka 1985 Gurumo akahama tena, akaenda Orchestra Safari Sound. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akarudi katika bendi yake ya kwanza. Wako watu wanaomlaumu mwanamuziki mwenye kuhamahama. Mimi simlaumu. Mtu asiye na jembe lake huenda kwa mwenye jembe.

Na bendi ile ya kwanza ilikuwaje? Ilibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili jina. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA ikawa JUWATA, yaani Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, na bendi ikawa Juwata Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Lakini wapenzi hawakujali herufi hizo. Wao waliita "Msondo", jina la ngoma ndefu ya pwani inayopigwa imesimama. Nao wapenzi wa Mlimani Park waliita bendi yao "Sikinde", jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo na Sikinde! Mji uligawanyika, na nyumba nyingine mume alikuwa wa huku, mke wa kule. Na mshindi alijulikanaje? Mnajua ninyi. Wahesabuni watu waliojaa ukumbini.

Vyama vya wafanyakazi vilipogawanyika baadaye, bendi ilibaki mikononi mwa wanamuziki wenyewe, nayo ikachukua rasmi jina ambalo watu walikuwa wameipa, Msondo Ngoma. Sasa hapakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Palikuwa na mlango, tiketi, na mvua ya Jumamosi. Mwaka 2006 ikampoteza mwimbaji wake mpendwa, TX Moshi William.

Yabaki swali la nyimbo zenyewe. Wimbo ni mali, kama ng'ombe. Lakini ng'ombe ana alama ya moto, wimbo alama yake ni karatasi. Kwa miaka mingi nyimbo zilipigwa redioni na watunzi hawakuona faida kubwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo kilichoundwa ili kiandikishe kazi za wasanii na kuwakusanyia malipo yao. Kwa wazee wengi wa dansi sheria ilikuja jua likiwa limekwisha kuinama. Gurumo aliacha kuimba mwaka 2013, baada ya miaka hamsini na zaidi. Mwaka huo kijana wa muziki wa siku hizi, Diamond Platnumz, alimpa zawadi ya gari. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini wengine waliuliza kimya kimya: imekuwaje mzee huyu angoje gari la zawadi? Alifariki tarehe 13 Aprili 2014, mwaka ambao bendi yake ilitimiza miaka 50.

Kabla hatujaachana, neno moja juu ya nchi za mbali. Katika mji wa Paris, Ufaransa, iko bendi iitwayo Caravan Palace, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2008. Wao huuchukua muziki wa dansi wa Marekani wa miaka ya 1930, wakaupigia midundo ya mitambo ya umeme, na vijana huucheza. Kumbe muziki wa mababu hauozi, ukipata mtu wa kuuchukua. Vijana wa Simiyu wenye simu na kinanda cha umeme, mwaisikia hiyo?

Mwalimu, sasa andika ubaoni maneno haya manne: mshahara, mkataba, sahihi, hakimiliki. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, kisha ayaandike. Halafu zungumzeni: ikiwa tajiri atakinunulia vyombo kikundi cha ngoma cha kijiji chenu, ni mambo gani yaandikwe kabla ya kupokea? Andikeni matatu, na kila mtu atie sahihi yake, si dole gumba. Wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.