Ufa wa Nyumba ya Pwani Hauponi kwa Lipu

Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika nyumba za zege zilizo kando ya bahari, kuziba tu hakutoshi. Lipu mpya yaweza kuificha hatari hadi siku ya msiba.

Nondo zilizozungukwa na zege zuri hazishiki kutu, kwani ukali wa saruji huzifunika kwa utando mwembamba wa kuzilinda. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hupenya zege mwaka baada ya mwaka. Ifikapo kwenye nondo, utando huo huharibika, na maji na hewa hukila chuma. Kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka likapasuka na kubambuka. Ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye madoa ya kahawia, ndiyo dalili yake.

Matengenezo ya kweli huanza kwa mhandisi kupima na kuagiza mzigo utegemezwe kabla ya nguzo, boriti au roshani kuguswa. Kisha fundi hugonga zege kwa nyundo. Mahali palipoachana hutoa mlio wa uvungu. Zege bovu huchimbwa hadi nyuma ya nondo, kiasi cha sentimita 2, na kufuatwa mpaka chuma kisicho na kutu kionekane. Nondo husuguliwa zing'ae, huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na zilizokonda huongezewa nyingine. Zege jipya halichanganywi kamwe na mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari. Nalo hutunzwa katika unyevu kwa siku 7.

Hata hivyo, zege la jirani likibaki na chumvi, kutu huweza kuzuka pembeni mwa kiraka. Ndiyo sababu mhandisi hupima chumvi ya sehemu nzima, si ya ufa peke yake.

Kuchelewa kuna gharama. Tarehe 24 Juni 2021, usiku, sehemu kubwa ya Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 lililojengwa mwaka 1981 katika mji wa Surfside, Florida, Marekani, iliporomoka na kuua watu 98. Wachunguzi waliona pia udhaifu katika usanifu wake, hivyo kutu haikuwa lawama pekee. Lakini mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameonya juu ya maji yaliyotuama na zege lililoharibika, na matengenezo makubwa ya zege hilo yalikuwa hayajaanza.

Basi kila familia ya pwani, iwe katika nyumba yake au katika kota za askari, na itazame chini ya roshani na ngazi. Palipobambuka, watoto wasicheze chini yake, na habari ifikishwe mapema kwa mwenye dhamana ya jengo, kabla mtu hajatumwa kuleta ndoo ya lipu.