Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Mzazi Asingoje

Mtoto akivimba taya, wazazi wengi hudhani ni jino, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, toka Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, kila mzazi, awe askari au mvuvi, yampasa ajue kwamba uvimbe huo waweza kuwa dalili ya saratani iitwayo Burkitt.

Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walibaini kuwa ugonjwa huo hupatikana zaidi katika nchi za chini zenye joto na mvua, na ni nadra milimani. Ndiko malaria ilikoshamiri. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyotambuliwa mwaka 1964, humweka mtoto hatarini. Rumonge, iliyo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, imo katika ukanda huo.

Dalili za kuangaliwa, hasa kwa watoto wa miaka 4 hadi 9, ni hizi:

1. Uvimbe wa taya unaokua upesi, kwa siku chache tu.
2. Meno kulegea au kuhama mahali pake.
3. Jicho kutokeza nje.
4. Tumbo kuvimba.
5. Miguu kukosa nguvu ghafla.

Dalili hizi zaweza kuwa za maradhi mengine. Daktari ndiye wa kuamua, baada ya kipande kidogo cha uvimbe kupimwa. Ikiwa jino limeng'olewa na uvimbe ukazidi, mtoto arudishwe hospitalini bila kukawia. Si uchawi, wala mtoto hamwambukizi nduguye saratani hiyo.

Habari njema ni kwamba saratani hii husikia dawa. Mara nyingi uvimbe hunywea katika siku chache, na watoto wengi wanaowahiwa hupona. Hata hivyo, uvimbe ukiisha dawa zisikatizwe. Matibabu yakamilishwe kama daktari alivyoagiza.

Nyumbani, kinga ni kupambana na malaria: mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa itibiwe mapema.