Riadha: Carl Lewis, bingwa wa Olimpiki anayefundisha wanafunzi kupokezana kijiti

Mmarekani Carl Lewis alishinda medali 9 za dhahabu katika Michezo minne ya Olimpiki, kuanzia Los Angeles mwaka 1984 hadi Atlanta mwaka 1996. Sasa amepita miaka 60, na kazi yake ni kufundisha wanafunzi. Tangu mwaka 2022 yeye ndiye kocha mkuu wa riadha katika Chuo Kikuu cha Houston, jimboni Texas, pale pale alipofika akiwa kijana mwaka 1979.

Vijana anaowafundisha walizaliwa baada ya yeye kuacha mbio mwaka 1997. Wengi wamemuona kwenye video tu. Na medali za kocha hazimsaidii mwanafunzi anayetoka vibaya kwenye mstari wa kuanzia. Mabingwa wengi wa zamani wamekwama hapo: walijua kukimbia, hawakujua kueleza walivyofanya. Lewis ana bahati moja, kwamba yeye mwenyewe alifundishwa na mtu aliyejua kueleza.

Mtu huyo ni Tom Tellez, kocha wa Houston hadi mwaka 1998. Tellez aliigawa mbio ya mita 100 katika hatua, na kila hatua ilikuwa na kazi yake. Mkimbiaji hufikia kasi yake ya juu karibu na mita ya 60. Kutoka hapo hakuna anayeongeza mwendo, hata bingwa wa dunia. Wote wanapungua, na anayeshinda mara nyingi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. Anayekaza shingo na mabega kwa hofu ya kupitwa ndiye anayepitwa.

Tokyo, Agosti 1991, somo hilo lilionekana wazi. Katika fainali ya ubingwa wa dunia, wanaume sita walikimbia chini ya sekunde 10. Lewis, aliyekuwa na miaka 30, alikuwa nyuma kwa sehemu kubwa ya mbio, akawapita wenzake mita za mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.86. Wa pili alikuwa Leroy Burrell, kwa 9.88. Burrell naye alikuwa mwanafunzi wa Tellez hapo Houston, na rekodi iliyovunjwa siku ile, 9.90, ilikuwa yake. Miaka mitatu baadaye, mjini Lausanne, Burrell aliichukua tena kwa 9.85.

Tellez alipostaafu, Burrell ndiye aliyepewa timu. Aliiongoza tangu mwaka 1998 hadi 2022, kisha akaenda Auburn, jimboni Alabama. Lewis alikuwa tayari miongoni mwa wasaidizi wake, akapanda kuwa kocha mkuu. Kwa zaidi ya miaka 40, mbio fupi za Houston zimekuwa mikononi mwa mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili.

Matunda yalionekana zaidi kwenye mbio za kupokezana kijiti, mita 100 mara nne. Houston ilishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2017, ikarudia mwaka 2018 kwa sekunde 38.17, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya vyuo. Mmoja wa wakimbiaji hao alikuwa Cameron Burrell, mtoto wa kocha, ambaye siku zile zile alishinda pia mita 100. Cameron alifariki Agosti 2021, akiwa na miaka 26.

Kijiti ndicho kipimo cha kweli cha kocha. Anayepokea anaanza kukimbia bila kuangalia nyuma, mara tu mwenzake anapofika kwenye alama iliyobandikwa chini. Kijiti lazima kibadilishe mkono ndani ya mita 30. Akiondoka mapema, mwenzake hamfikii, akichelewa, wanagongana. Wakimbiaji wanne wa kawaida waliozoeana wanaweza kuwashinda wanne wenye kasi zaidi walioonana juzi.

Marekani inalijua hilo kwa uchungu. Timu yake ya wanaume haijapata dhahabu ya Olimpiki katika mbio hiyo tangu Sydney mwaka 2000, ingawa haijawahi kukosa watu wenye kasi. Tokyo mwaka 2021 iliondolewa kwenye mchujo, na Lewis aliilaumu hadharani kwa maneno makali. Alikuwa na haki ya kusema: mwaka 1992, Barcelona, yeye, Burrell, Mike Marsh na Dennis Mitchell waliweka rekodi ya dunia ya sekunde 37.40.

Kwa vijana wa Afrika, vyuo hivyo ni mlango. Chuo kinalipa masomo, mwanafunzi anakimbia kwa jina la chuo, na bado anaweza kuvaa rangi za nchi yake. Gary Kikaya wa Congo alipitia njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka 2006, mjini Stuttgart, alikimbia mita 400 kwa sekunde 44.10, rekodi ya Afrika iliyodumu hadi mwaka 2014.

Shaun Maswanganyi wa Afrika Kusini yeye alichagua Houston, akafundishwa na Burrell na baadaye Lewis. Agosti 2024, mjini Paris, alikimbia mkondo wa pili wa timu ya nchi yake katika fainali ya Olimpiki. Kanada ilishinda kwa 37.50. Afrika Kusini ilikuwa ya pili kwa 37.57, mbele ya Uingereza. Marekani ilifutwa: makabidhiano ya kwanza kabisa, kati ya Christian Coleman na Kenny Bednarek, yalifanyika nje ya eneo linaloruhusiwa.