Kugongesha Gari Ndani ya Kompyuta

Wengi wetu tukiona vile vyuma virefu vya kando ya barabara, pale penye kona au genge, tunadhani kazi yake ni kusimama kama ukuta. Sivyo. Kazi yake ni kupinda, kuipunguza nguvu ya gari kidogo kidogo na kulirudisha barabarani. Wataalamu walilijua hili kwa kuvunja magari mengi, na siku hizi kwa kutumia kompyuta.

Kipimo kimoja cha Marekani ni hiki: pikapu ya kilo 2,270 inagongeshwa kwenye chuma ikienda kilomita 100 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 25. Kila jaribio linakula gari zima. Ndiyo maana watu wakatafuta programu. Iliyo maarufu, LS-DYNA, imetokana na kazi ambayo John Hallquist aliianza mwaka 1976 katika maabara ya Livermore, California. Wakati huo ilikuwa ya kuchunguza mabomu, si magari!

Inafanyaje kazi? Fikiria wavu wa samaki. Gari, chuma na nguzo hugawanywa ndani ya kompyuta kuwa vipande vidogo vidogo, pengine mamia ya maelfu. Kila kipande kinapewa tabia yake: bati la unene huu, likisukumwa hivi linapinda, likizidiwa linapasuka. Kisha kompyuta inahesabu kila kipande kimemsukuma jirani yake kiasi gani, inasogea mbele kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, inahesabu tena. Ajali ya sekunde moja yaweza kuchukua saa nyingi. Matokeo hulinganishwa na picha za gari lililogongeshwa kweli, maana ukiilisha kompyuta uongo, itakurudishia uongo.

Faida yake ni kwamba unaweza kusimamisha ajali katikati na kuangalia bolti moja. Bolti inayoshika chuma kwenye nguzo inatakiwa kuachilia. Isipoachilia, nguzo inalala na chuma chake, na gari linapanda juu na kubingirika. Kwa hivyo fundi anayechomelea chuma kwenye nguzo "kikae imara" amekiharibu. Urefu nao una maana: huko Nebraska watafiti waliinua chuma kutoka kama sentimita 70 hadi 79, ili kizuie magari marefu vizuri zaidi. Lami mpya ikimwagwa juu ya ile ya zamani, chuma kinabaki chini.

Na nguzo zikikosekana? Chuma kinaingia ndani kama mfuko, gari linanasa na kugeuka ghafla. Kwetu nguzo na bolti hizo huuzwa kama vyuma kuukuu, tena kwa bei ya chai na mandazi. Kikundi kilicho karibu na barabara kuu kinaweza kuhesabu nguzo zilizong'olewa, kuandika mahali penyewe, na kupeleka barua KeNHA, ambao ndio wenye barabara hizo. Msizibe pengo kwa mti au jiwe.