Kuku sita, ukoka na mtoto anayetambaa

Hebu toka nje kidogo utazame uwanja wa nyumbani kwenu. Kama ni wa kawaida wa mjini, una kamba ya kuanikia nguo, mwembe mmoja, na kipande cha ukoka ambapo wageni hukaa jioni na watoto huchezea. Sasa mama anataka kuku sita wa mayai. Na kama ujuavyo, kazi ya kuwatunza itakuangukia wewe ukitoka shule.

Si wazo baya hata kidogo. Mayai ni chakula kizuri kwa kijana anayekua, na yakizidi yatanunua madaftari. Lakini kuku, ukoka na mtoto anayetambaa hawawezi kugawana mita chache za ardhi hivi hivi tu. Lazima mtu apange, na mtu huyo ni wewe.

Tuanze na ukoka, maana ndio wa kwanza kulalamika. Kuku hali majani tu. Anaparura akitafuta wadudu, anachimba shimo la kuogea vumbi, na anaacha kinyesi kila apitapo. Kuku mkubwa wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 au zaidi kwa siku. Zidisha kwa sita, unapata zaidi ya nusu kilo kila siku, karibu kilo 18 kwa mwezi! Kinyesi hicho kina naitrojeni nyingi. Kikiwa kidogo ni mbolea, kikirundikana kibichi kinaunguza majani. Ukoka ni mgumu, una mashina yanayotambaa chini ya udongo na huchipua tena, lakini haupewi nafasi ya kupumzika. Baada ya wiki chache unabaki na vumbi, na masika ikifika unabaki na tope.

Wengine watakushauri utengeneze kibanda cha kuhamisha: fremu ya mbao ya mita 2 kwa 1, wavu pande zote na juu, chini wazi. Unaweka kuku watatu, na kila asubuhi unakisogeza hatua moja. Ni mbinu nzuri, ila fanya hesabu kwanza. Ukoka unahitaji kama wiki tatu za kupumzika kabla kibanda hakijarudi palepale. Mita za mraba 2 mara siku 21 ni mita za mraba 42. Hiyo ni kwa kuku watatu tu! Kama kipande chenu ni mita 4 kwa 5, utakimaliza kwa siku kumi. Hesabu imekukatalia.

Tena hata kama nafasi ipo, kuna jambo zito kuliko majani. Mdogo wako anatambaa palepale kibanda kilipopita jana.

Katika utumbo wa kuku huishi bakteria aitwaye kampilobakta. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42, na bakteria huyu analipenda mno. Kuku mwenyewe haugui, anataga kama kawaida, macho angavu, manyoya safi. Kwa hiyo usiseme "kuku wetu wazima". Binadamu akimmeza bakteria huyo, baada ya siku mbili hadi tano anaweza kupata homa, tumbo kusokota na kuhara, wakati mwingine kuhara damu. Wala hahitaji kumeza wengi. Mwaka 1981 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya mtafiti aliyemeza bakteria 500 tu ndani ya maziwa, kwa makusudi, akaugua. Mia tano hawaonekani kwa macho, bwana. Wanaenea kwenye kidole cha mtoto.

KWANI UZIO HAUTOSHI?

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Unazungusha wavu, kuku wako ndani, mtoto yuko nje, unadhani mambo yamekwisha.

Jambo hili limewahi kupimwa katika mtaa wa watu wa kipato cha chini pembezoni mwa jiji la Lima, nchini Peru, ambako familia nyingi hufuga kuku uani kama kwetu. Watafiti walizijengea baadhi ya familia mabanda ya kufungia kuku, na nyingine wakaziacha kuku wao watembee kama kawaida. Kila mtu alitegemea watoto wa nyumba zenye mabanda waugue kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, nayo yalikuwa kinyume: watoto wa nyumba zenye mabanda ndio walioharishwa zaidi na kampilobakta.

Imekuwaje? Fikiri mwenyewe. Kuku wakitembea, kinyesi kinasambaa na jua linakikausha, na kampilobakta hapendi ukavu kabisa. Ukiwafungia, zile kilo 18 za mwezi zinakaa mahali pamoja, mbichi, zimerundikana. Kisha wewe unaingia na kandambili zako, unakanyaga, unatoka, unapita kwenye ukoka, unaingia sebuleni. Umembebea mdogo wako mzigo mlangoni. Wavu unazuia kuku, hauzuii kandambili.

Basi ushauri wangu kwa uwanja mdogo wenye mtoto mdogo ni huu: jenga banda la kudumu pembeni, uache ukoka wote uwe wa watu. Kuku wapelekewe majani hukohuko, ila yakatekate mafupi, maana majani marefu yanaweza kujisokota na kuziba gole. Chagua mahali palipoinuka, mbali na kisima na jiko. Weka nyumba ya kulala yenye vijiti vya kutulia usiku na viota vya kutagia, na mbele yake uwanja wa wavu wa angalau mita moja ya mraba kwa kila kuku. Juu pia funika, hasa kama uko Dar es Salaam. Kunguru wa kule unawajua.

Siri kubwa iko sakafuni. Mwaga maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga, kina cha sentimita 10 hivi. Kila siku mbili tatu geuza kwa reki, ondoa palipolowa, ongeza makavu. Kupima ni rahisi: vaa mfuko wa plastiki mkononi, shika konzi moja uminye. Ikishikamana kama ugali, imelowa mno. Ikiachana taratibu, safi. Pua nayo ina kazi yake, kwani ukiingia macho yakawasha, ujue kuku wanavumilia hivyo usiku kucha. Mara nyingi mkosaji ni chombo cha maji kilichowekwa chini na kupinduliwa. Kiinue kilingane na mgongo wa kuku.

Tafuta viatu vya bandani, hata kandambili kuukuu, na vikae kwenye mlango wa banda, visitoke hapo. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, hata kama uliokota yai moja tu. Maranda ya zamani yarundike mbali na mchezo wa watoto, changanya na majani makavu, acha miezi mitatu au zaidi kabla ya kutia bustanini. Na kuku wasilale jikoni kwa kuogopa wezi. Nunua kufuli.

Kuhusu mdondo, ambao wengine huita kideri, usingoje kuku waanze kufa, kwani hauna dawa. Kuna chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha: tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Majirani mkinunua chupa moja kwa pamoja gharama inakuwa ndogo. Kuku kadhaa wakifa ghafla, msichinje waliobaki ili kuwahi nyama. Mwiteni bwana mifugo. Na zile kapsuli za rangi mbili za dukani, za binadamu, zisiingie kwenye maji ya kuku. Dawa hupita ndani ya yai, na bakteria huzizoea.

Mdogo wako akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi mara moja, kidogo kidogo, na aliye bado ananyonya aendelee kunyonyeshwa. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yameingia ndani au amelegea hataki kunywa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mkifika, mwambie mganga kwamba nyumbani mnafuga kuku. Huenda asiulize.